Maswali na Majibu: Bunduki Kuukuu ya .22

Maswali mengi safari hii yanahusu bunduki za .22 (zenye mtutu wa kipenyo cha karibu inchi 0.22) zilizokaa kabatini miaka na miaka. Kabla ya jibu lolote: toa magazini (kihifadhi cha risasi), fungua bolti (chuma kinachoteleza kufunga nyuma ya mtutu), tazama ndani ya chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa), kisha papasa mlango wake kwa kidole cha mwisho. Zile zenye magazini ya bomba chini ya mtutu ndizo za kuogopa zaidi, kwa sababu risasi moja inaweza kukwama bombani ukadhani pako tupu. Chomoa bomba la ndani lote, na usiondoke hapo mpaka uridhike.

*Nimeachiwa bunduki ya bolti na babu. Niifungue yote niisafishe?*

Usifanye hivyo. Chomoa bolti (kwa nyingi za zamani unabana triga huku ukiivuta nyuma), legeza skrubu inayoshikanisha chuma na kitako, kisha inua chuma kutoka kwenye mbao. Umeshafika panapokaa uchafu karibu wote. Mtambo wa triga usiuguse. Usukutue kwa mafuta ya taa na brashi laini, ukauke, kisha tone moja la mafuta mepesi linatosha. Mafuta mengi yakizeeka huganda kama gundi, na bunduki nyingi zinazosemekana zimeharibika zina ugonjwa huo tu.

Kinachoharibu zaidi ni bisibisi. Skrubu za zamani zina mifereji myembamba, na bisibisi ya nyumbani yenye ncha ya kabari hupanda juu na kuitafuna. Noa ncha kwa tupa mpaka ijaze mfereji wote, urefu na upana. Skrubu ikigoma, iwekee mafuta ya kupenya, iache mpaka kesho, kisha gonga kichwa chake kidogo kabla ya kujaribu tena. Na piga picha kila hatua. Kumbukumbu ya fundi wa siku moja haiaminiki.

*Risasi za .22 LR (Long Rifle, zenye ganda refu) zinaingia kwa shida na maganda hayatoki. Kucha ya bolti inayovuta ganda nje imekwisha?*

Pengine, lakini anza na chemba. Bunduki iliyopigishwa sana risasi fupi za .22 Short hujenga pete ya masizi na risasi-chuma (madini laini ya risasi) mbele ya pale ganda fupi linapoishia. Ganda refu likifika hapo linabanwa. Loweka chemba kwa dawa ya kusafishia mtutu, isugue kwa brashi ya bronzi, rudia. Kama baada ya hapo bado linakwama, huenda chuma chenyewe kimelika, na hiyo ni kazi ya fundi wa bunduki.

*Mtutu nausugua kila nikipiga. Ni sawa?*

Unauumiza bure. Risasi nyingi za .22 ni za risasi-chuma laini zilizopakwa nta au grisi, na mwendo wake ni wa chini kulinganisha na za bunduki kubwa, kwa hiyo mifuo (mikato ya mzunguko ndani ya mtutu) hailiki haraka. Fimbo ya kusafishia ndiyo inayokwangua. Sana sana huumia ukingo wa mdomo wa mtutu, pale risasi inapoagana na chuma. Ukilika upande mmoja, shabaha imekwenda. Safisha kutoka upande wa chemba. Kama umbo la bunduki halikuruhusu, tumia kamba ya kuvuta yenye kitambaa. Mtutu ukiwa bado unalenga vizuri na haupati unyevu, uache. Siku nyingine shughulika na uso wa bolti na kucha yake, huko ndiko masizi hujazana.

*Naweza kuvuta triga bila risasi ili nifanye mazoezi?*

Hapana, labda mtengenezaji awe ameruhusu. Kwenye .22 pini ya kufyatulia hupiga ukingo wa ganda; ganda lisipokuwepo, pini inaweza kupiga ukingo wa chemba na kuubonyeza.

*Kuna risasi za zamani sana ndani ya boksi. Zikipigwa, nisafishe vipi?*

Baadhi ya viwashio vya zamani vina klorati ya potasiamu, nayo huacha chumvi inayovuta unyevu na kuleta kutu. Mafuta hayayeyushi chumvi. Pitisha maji ya moto mtutuni, kausha kabisa, ndipo upake mafuta.

*Nimeiunga tena, bolti haiingii. Nimepoteza kitu?*

Huenda hujapoteza. Ukiwa umeishika bolti mkononi, kipande cha nyuma huzunguka na kujifyatua kwa urahisi. Kizungushe kwa nguvu ya vidole mpaka kirudi kwenye hali ya kukokiwa, kisha jaribu. Ikiingia, kaza skrubu za kitako kwa zamu, ukiacha pale zinapokaza, maana ukizidisha mbao hubonyea. Sefti (kizuizi cha usalama) ijaribu chemba ikiwa tupu: iweke, bana triga taratibu, achia triga, kisha ondoa sefti bila kugusa triga. Pini ikianguka wakati wowote katika hayo, bunduki hiyo isipewe risasi hadi fundi aione.