Nani Apewe Mpira wa Timu Inayosuasua?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu hapa Area C, Dodoma, tunafuatilia kwa simu kriketi ya West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibi. Tangu wapigaji wake wote watolewe wakiwa na mikimbio (pointi) 27 tu mbele ya Australia, Julai 2025, tunabishana: je, warushaji chipukizi, yaani vijana wa kuwarushia wapigaji mpira, waitwe sasa, au wasubiri wakomae?

JIBU: Ndugu msomaji, mikimbio 27 ni aibu ya wapigaji, kwani katika mechi hiyo hiyo ya Kingston warushaji wa West Indies waliwatoa Australia kwa mikimbio 225 na 121 katika zamu zao mbili za kupiga. Hata hivyo, mimi niko upande wa kuwaita chipukizi mapema, ila kwa jicho kali. Shamar Joseph wa Guyana, aliyewahi kufanya kazi ya askari mlinzi, alikuwa amecheza mechi chache mno za daraja la kwanza (mechi ndefu za siku kadhaa) alipoteuliwa, na Januari 2024 akawatoa wapigaji 7 wa Australia huku akiruhusu mikimbio 68 huko Brisbane, West Indies wakashinda kwa tofauti ya mikimbio 8. Mteuzi makini hutazama kama mshono wa mpira unasimama wima hewani, kama mpira unadunda palepale ova nzima (mipira sita ya mrushaji mmoja), na kama kasi ingalipo jioni, kwa maana kasi ya asubuhi kila kijana anayo. Linalopuuzwa ni mgongo: mifupa ya kiuno ya mrushaji wa kasi aliye kijana hupata nyufa kwa urahisi akitumikishwa kupita kiasi, hivyo anayeitwa kutoka mechi fupi za ova 20 kwa kila timu aongezewe ova hatua kwa hatua kabla ya kukabidhiwa mechi ya siku tano.