Ukitaka kujaza chumba kwa uzi, anza na kitu cha mtu

Vijana wa sanaa hapa Mbeya huniuliza sana habari za Chiharu Shiota, msanii aliyezaliwa Osaka, Japani, mwaka 1972, akahamia Ujerumani, na ambaye hujaza vyumba vizima kwa uzi. Wameona picha, wanataka kujua uzi gani, rangi gani. Nawajibu: uzi uache kwanza. Tafuta kitu kilichozeekea mikononi mwa mtu.

Itazame kazi yake ya Venice ya mwaka 2015. Juu ya mashua mbili kuukuu, ndani ya uzi mwekundu, zilining'inia funguo kwa makumi ya maelfu, alizoomba kwa watu waliokwisha kuzitumia. Kila ufunguo ulikuwa na mlango wake. Ziondoe, utabaki na wavu tu. Kwingineko amezungushia uzi mweusi piano iliyoungua, kwa sababu utotoni mwake nyumba ya jirani iliteketea na piano ikaungua nayo. Huzuni ilikuwepo kabla ya uzi.

Mimi nilichagua majembe. Huku Uyole jembe lililolika hadi likabaki nusu limelisha watoto na kuwasomesha. Niliwaomba majirani, na kila mmoja nikamuuliza lake limelima wapi. Hatua hii usiikimbize. Kaa, kunywa chai, sikiliza hata yasiyohusu jembe. Mama mmoja alinipa la marehemu mumewe akaniambia, "Mwanangu, usilitundike juu sana. Nataka nilifikie." Nikalishusha hadi usawa wa kifua chake, na uzi wote wa upande ule ukafuata hapo. Tangu hapo, kimo cha kitu naamuliwa na mwenye kitu.

Kuhusu chumba, ghala la mahindi mara nyingi huwa tupu mwezi Machi na Aprili, kabla ya mavuno. Ukuta wa tofali haushiki pini za stepla, kwa hiyo mwombe fundi apige fremu ya papi za paini. Hakikisha zimekauka, mbao mbichi hujipinda, na uzi wote hulegea. Uzi wa kufumia sweta unafaa kabisa. Shika rangi moja. Wekundu wa Shiota hubeba damu na mahusiano ya watu, weusi hubeba anga la usiku. Wangu ulikuwa wa kahawia, rangi ya shamba. Uzi mmoja ukatize mwingine mpaka upate pembetatu juu ya pembetatu. Na baridi isikufanye uingize jiko la mkaa humo! Uzi huo hushika moto upesi.

Jambo la mwisho ni zito kuliko fremu. Vitu vya watu, vingine vya marehemu, vikining'inia kwenye uzi ndani ya chumba kilichofungwa, majirani watawaza ushirikina, na huwezi kuwalaumu. Pita kwa mwenyekiti wa mtaa mapema. Mlango uwe wazi tangu siku ya kwanza, anayetaka kuingia aingie, apewe uzi afunge mwenyewe. Waliofunga kwangu ndio waliowaeleza wengine, kwa maneno mazuri kuliko yangu. Halafu mrudishie kila mtu jembe lake kabla ya mvua za Novemba, kwa mkono wako, maana mengine bado yanalima.