Wasomaji Wanauliza: Albamu ya Vumbi, Albamu ya Miwa

Barua nyingi za safari hii zinahusu Dust Bowl Ballads, albamu ya mwanamuziki wa Marekani Woody Guthrie ya mwaka 1940 juu ya wakulima wa Marekani waliofukuzwa na vumbi. Baadhi ya wasomaji wanataka kuielewa, wengine wanataka kutunga kazi ya aina hiyo hapa Uganda.

SWALI: Habari zenu wahariri. Watu huisifu albamu hii kwamba imejengwa juu ya wazo moja. Mimi nasikia mtu na gitaa lake, na nyimbo zinazofanana. Kinachoziunganisha ni nini? Nianzie wapi?
Mwalimu, Tororo

JIBU: Mwalimu, kufanana huko kuna sababu. Nyimbo nyingi zilirekodiwa siku moja, tarehe 26 Aprili 1940, mjini Camden, New Jersey. Kampuni ya Victor ilizitoa kwa mafungu mawili, kila fungu santuri tatu za mizunguko 78 kwa dakika. Upande mmoja ulibeba dakika tatu na kitu, kisha msikilizaji aliinuka kuigeuza santuri. Ukiziachia zote zifuatane kwenye simu, masikio yatachoka kabla ya katikati. Sikiliza mbili tatu, pumzika, rudi.

Kinachoziunganisha ni mahali pamoja na chanzo kimoja cha balaa. Nyanda za Oklahoma, Texas, Kansas na Colorado zilikuwa na majani ambayo mizizi yake iliushika udongo. Bei ya ngano ilipopanda wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, majani yalilimwa yakaisha. Ukame wa miaka ya 1930 ulikuta udongo mtupu, upepo ukaubeba. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi liligeuza mchana kuwa usiku, na Guthrie alikuwa akiishi Pampa, Texas, mji uliofunikwa na wingu hilo. Wimbo wake kuhusu dhoruba hiyo, "The Great Dust Storm", unaanza kwa kutaja tarehe, kisha unataja mpaka wa eneo lililopigwa, kama shahidi anayeulizwa na hakimu. Anzia hapo.

Halafu sikiliza "Do Re Mi". Noti hizo tatu, kwa Kiingereza cha mtaani, ni fedha. Mwaka 1936 polisi wa Los Angeles walipelekwa hadi kwenye mipaka ya jimbo la California kuwarudisha watu wasio na kitu mfukoni. Anayeishi mpakani, Busia au Malaba, hahitaji kuelezwa zaidi.

Wa tatu uwe "I Ain't Got No Home", ambao kwetu ndio wenye uzito kuliko zote. Umejengwa juu ya wimbo wa dini unaosema duniani si kwetu kwa kuwa mbinguni kuna makao. Guthrie aliacha muziki ulivyo, akaiondoa mbingu. Amebaki mkulima wa kupanga asiye na paa. Aliyezoea kuimba maneno ya faraja kanisani atalisikia pengo hilo mara moja.

SWALI: Kwa nini wimbo "Tom Joad" umekatwa vipande viwili?
Msikilizaji, Mbale

JIBU: Ni kwa sababu ya santuri. Wimbo unasimulia kisa cha riwaya ya John Steinbeck, The Grapes of Wrath ya 1939, na unapita dakika sita, kwa hiyo ulihitaji pande mbili. Ufinyu huohuo uliziacha nje nyimbo mbili nyingine hadi toleo la 1964.

SWALI: Kwenye "Talking Dust Bowl Blues" Guthrie haimbi, anaongea, lakini gitaa halimpotezi. Nikijaribu kwa Kiswahili, maneno yananishinda mbio. Nakosea wapi?
Mpiga gitaa, Kasese

JIBU: Kaka, anza na mkono wa kulia. Kodi, yaani sauti za gitaa zinazopigwa pamoja, ni tatu, G, C na D, kisha unarudi G. Kidole gumba kipige uzi mmoja mnene kwenye pigo la kwanza na la tatu. Kidole cha shahada kipapase nyuzi nyembamba kwenye la pili na la nne. Ukikwangua nyuzi zote sita kila pigo, gitaa linakula sauti ya kuongea, na wewe unaanza kupaza sauti. Hapo mazungumzo yamekufa.

Mtindo wenyewe una mistari minne yenye vina viwiliviwili, halafu mkia usio na vina unaosemwa kwa utulivu wakati gitaa likizunguka. Guthrie anasema mke wake alipika mchuzi wa viazi. Mkia unakuja kwamba mchuzi ulikuwa mwepesi mno, ungeweza kusoma jarida ukiwa umeuweka mbele ya macho. Njaa yote ya safari imo humo, na neno njaa halikuhitajika.

Tatizo lako la mbio linatokana na hesabu. Maneno ya Kiingereza mengi ni ya silabi moja moja, yetu ni marefu. Rudi kwenye shairi la kawaida: mizani nane kwa kipande, silabi mbili kwa kila pigo, mapigo manne. Mfano:

Panga langu nimenoa, asubuhi naondoka,
Jasho jingi nimetoa, na lori halijafika.

Kisha mkia, bila kuhesabu silabi: "Mwenye mizani ya kupimia anapiga miayo." Vina vyetu vya kati na vya mwisho vinafanya kazi ya vile viwiliviwili vya Wamarekani, huna haja ya kuwaiga.

SWALI: Nataka kutunga albamu juu ya wakata miwa wa Busoga. Nina nyimbo tano, wenzangu wanasema zote ni kilio. Nifanye nini?
Mtunzi, Jinja

JIBU: Wenzako wana haki. Chukua nyimbo zako zote ufute maneno umaskini, mateso na shida. Palipobaki tupu weka kitu kinachoshikika: panga linalonolewa kwa tupa, majani ya muwa yanayokata mikono, malipo ya fungu moja. Muwa hukatwa chini kabisa, karibu na udongo, kwa sababu sukari nyingi iko sehemu ya chini ya shina. Mkataji hushinda ameinama. Huo ni ubeti mzima, tena wa kweli. Muwa uliokatwa ukingoja lori siku kadhaa hukauka, uzito unapungua, na mkulima mdogo analipwa pungufu kwa kosa lisilo lake. Huo ni wimbo mzima.

Muwa wa kwanza huchukua kama miezi 18 hadi kukomaa. Tumia muda huo uwe uti wa mgongo: kupanda, palizi, mkopo wa ada ya shule, kukata, kungoja lori, mizani, njia ya kurudi nyumbani. Nyimbo nane za dakika tatu zinatosha. Msimulizi awe mmoja. Ukimbadilisha, mpe mwanzo wa ubeti unaomtaja, maana msikilizaji haoni sura. Wimbo wa tatu au wa nne uwe wa kuchekesha, kama ule mchuzi wa viazi. Bila hivyo watu hufunga masikio mapema.

Fikiria pia kinubi cha adungu. Tangu enzi za ukoloni watu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wamekuwa wakishuka kusini kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na kinubi hicho ni cha Waalur wa huko. Chagua ufunguo mmoja kwa nyimbo zote za adungu, kwa sababu kupanga nyuzi upya kati ya nyimbo kunakula saa. Vigingi vikiteleza, vipake chaki kavu.

SWALI: Studio ni ghali. Simu inatosha?
Huyohuyo, Jinja

JIBU: Inatosha kwa sauti moja na ala moja. Mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen aliirekodi albamu yake Nebraska, iliyotoka 1982, nyumbani kwa mashine ya kaseti ya njia nne na maikrofoni mbili.

Weka simu sentimita 30 hivi kutoka kwenye gitaa, ikielekea pale shingo inapoungana na mwili. Ukiielekeza kwenye tundu, besi itavuma na kumeza maneno. Tumia programu inayohifadhi faili la WAV na kukuruhusu kuzima urekebishaji wa sauti wa kujiendesha. Usipouzima, kila unaponyamaza simu itainua kelele za bodaboda hadi zilingane na uimbaji wako. Simamisha godoro nyuma yako. Chini ya mabati usirekodi mawingu yakiwa yamejikusanya, kwa sababu tone la kwanza likigonga, ubeti huo umeharibika na hautengenezeki. Saa kumi na moja alfajiri ndiyo nzuri. Rekodi kila wimbo mara tatu mfululizo, usikilize kesho yake, na uchague ule ambao maneno yote yanasikika, hata kama gitaa limekosea mahali.