Tukihamia chama cha serikali, misaada ya mafuriko itatufikia mapema?

SWALI: Ninaishi Budalang'i, magharibi mwa Kenya. Mto Nzoia ukivunja tuta, wenzetu wa kata jirani huletewa unga na blanketi siku ya pili, sisi tunangoja wiki nzima. Wazee wanasema ni kwa sababu tulipigia upinzani kura. Tukihamia upande wa serikali, tutasaidiwa haraka?

JIBU: Swali hili hunijia kila masika. Wazee wenu hawajakosea kwamba siasa huingia kwenye misaada. Wamekosea dawa.

Nchini Marekani, watafiti walichunguza majimbo ambayo marais waliyatangazia maafa, tangazo linalofungua misaada ya serikali kuu, tangu sheria ya misaada ya 1988. Majimbo yenye ushindani mkali wa kura yalitangaziwa takriban mara mbili ya yale ambayo mshindi wake hujulikana mapema. Angalia vizuri: yenye ushindani, si yenye utiifu. Eneo ambalo kura zake zimeshahesabiwa kabla ya uchaguzi halibembelezwi na mtu. Kwa hiyo anayewaambia mchukue kadi ya chama ndipo majina yenu yaingie kwenye orodha ya waathiriwa anawadanganya. Akiwadai na pesa ya kuandikwa, huyo ni mwizi, mripotini.

Lakini kinachonikera zaidi ni kipimo chenyewe. Mnahesabu siku ambazo lori lilichelewa, na hamuulizi nani alilikagua tuta mwezi wa Januari. Mwaka 2009 watafiti wawili, Healy na Malhotra, walichapisha utafiti kuhusu wapiga kura wa Marekani: walimtuza rais kwa fedha za misaada zilizowafikia, ila kwa fedha za kuzuia maafa hawakumtuza, ingawa kila dola 1 ya kinga iliepusha hasara ya takriban dola 15. Wanasiasa huliona hilo kabla yetu. Tuta lililoshika halina picha ya kuonyesha. Gunia la unga linayo.

Bangladesh walijifunza kwa machungu. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu laki kadhaa. Kuanzia 1972 wakaandaa wajitolea wa kutoa onyo kijiji kwa kijiji, na baadaye majengo ya kukimbilia. Sidr, kimbunga kikali cha 2007, kiliua zaidi ya 3,000. Bado ni msiba mkubwa, lakini tofauti ile ililetwa na kazi iliyofanywa kabla upepo haujavuma.

Sheria yetu ya fedha za umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, isiyozidi asilimia 2 ya mapato yake. Hiyo ni ya kuokolea watu maji yakishaingia. Tuta hujengwa kwa bajeti ya kawaida, na makadirio ya bajeti, ya taifa na ya kaunti, huwasilishwa kufikia 30 Aprili. Yaani katikati ya masika, wiki zile zile ambazo macho yenu yote yako barabarani mkingoja lori.