"Rasputin" si wimbo wa Kirusi

Ndugu uliyeuliza kama "Rasputin" ni wimbo wa Warusi, jibu ni hapana: ulitengenezwa Ujerumani Magharibi mwaka 1978 na mtayarishaji Frank Farian kwa ajili ya kundi lake la Boney M., ambalo wasanii wake wanne walitoka visiwa vya Karibi na ambalo liliimba kwa Kiingereza. Kilicho cha Kirusi ni kisa chenyewe tu, yaani habari za Grigori Rasputin, mtu wa dini aliyekuwa kipenzi cha jumba la mfalme wa mwisho wa Urusi. Tena wengi husikia katika muziki wa "Rasputin" mwangwi wa wimbo wa kale wa Kituruki uitwao "Kâtibim".

Ukitazama video zake, utamwona Bobby Farrell, mwanamume wa kundi hilo, akirukaruka na kufumbua mdomo, lakini sauti nzito ya kiume unayoisikia ni ya Farian mwenyewe, aliyeirekodi studioni.

Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Ujerumani, Austria na Australia, na ya pili Uingereza. Mwishoni mwa mwaka huohuo kundi lilialikwa kutumbuiza Moscow, jambo la nadra kwa bendi ya Magharibi wakati ule, ila wimbo huu, pengine ndio watazamaji waliousubiri zaidi, haukuimbwa jukwaani. Vijana wa leo wameujua zaidi kupitia TikTok, hasa baada ya DJ wa Uingereza, Majestic, kuufanyia rimiksi mwaka 2021.