Barua Zinaibwa Sandukuni: Nianzie Wapi?

SWALI: Niliweka hundi ya kodi ya nyumba kwenye sanduku la barua nje ya nyumba yangu, nikainua bendera nyekundu ili mtu wa posta aichukue. Mwenye nyumba hakuipata, na benki inaonyesha imelipwa kwa jina nisilolijua. Karani wa posta ananiambia nisubiri. — Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Usisubiri, ndugu yetu. Hundi yako imeoshwa. Wezi hufuta wino wa kalamu ya kawaida kwa asetoni, ileile ya kuondolea rangi ya kucha, wakabakiza sahihi yako na kuandika jina na kiasi wanachotaka.

Anza na benki, leo hii. Sema hundi imeghushiwa, omba picha ya pande zote mbili (mgongoni huonekana iliwekwa benki gani), na ujaze hati yao ya kiapo kwamba si wewe uliyemlipa mtu huyo. Kuzuia hundi moja hakutoshi: mwizi ana namba ya akaunti yako na anaweza kuchapisha nyingine. Funga akaunti hiyo, ufungue mpya. Usiache siku 30 zipite tangu upewe taarifa ya akaunti, maana ukichelewa benki hupata sababu ya kukataa kukurudishia fedha.

Baada ya benki, wapelelezi wa posta, yaani Postal Inspection Service: uspis.gov/report au simu 1-877-876-2455. Ripoti ya wizi hupelekwa huko. Maneno uliyomwambia karani dirishani hayatoshi, na hapo ndipo wengi hupoteza wiki nzima. Andaa tarehe na saa uliyoweka barua, mahali, namba ya hundi, kiasi, na picha za kamera kama zipo. Ripoti polisi pia, kwani benki nyingi hudai namba ya ripoti yao. Wapelelezi wasipokupigia simu usikate tamaa: ripoti za mtaa mmoja huunganishwa hadi genge lijulikane. Kuiba barua ni kosa la serikali kuu, na kifungo chake hufika miaka 5.

Kuanzia sasa usiinue ile bendera kwa barua yenye hundi. Mwizi anaiona kama anavyoiona mtu wa posta. Ipeleke ndani ya posta. Sanduku la buluu la barabarani litumie tu kabla ya saa ya mwisho ya kuchukua barua iliyoandikwa juu yake, wala usiache kitu humo usiku kucha: wezi huwapora watu wa posta ufunguo unaofungua masanduku mengi. Andika hundi kwa kalamu ya jeli nyeusi, ambayo wino wake haufutiki kirahisi. Kulipa kwa mtandao ni salama zaidi.

SWALI: Masanduku ya ghorofa yetu yamevunjwa, na mume wangu anasubiri green card (kadi ya ukaazi wa kudumu) kwa barua. — Dada wa Minneapolis

JIBU: Dada, mtakeni mwenye jengo atengeneze kufuli, tena kwa maandishi. Hadi hapo, ulizeni posta yenu kama mnaweza kuchukulia barua dirishani kwa kitambulisho.

Mume wako ajiandikishe Informed Delivery kwenye usps.com, bure. Kila asubuhi atatumiwa picha za bahasha zinazokuja. Barua inaweza kuchelewa siku moja au mbili baada ya picha. Isipoonekana kabisa, picha hiyo ni ushahidi wa tarehe. Kadi yenyewe huwa na namba ya ufuatiliaji kwenye akaunti yake ya USCIS, idara ya uhamiaji. Ikionyesha imefika nanyi hamna kitu, wasilisheni ulizo USCIS mara moja. Mkihama, waarifuni USCIS ndani ya siku 10. Kubadilisha anwani posta peke yake hakutoshi.

Ikipotea barua yenye namba ya Social Security, fungieni taarifa zenu za mikopo, ili mwizi asikope kwa jina lenu, kwenye kampuni tatu zinazozitunza: Equifax, Experian na TransUnion, kila moja peke yake. Ni bure.

SWALI: Kifurushi changu kilicholetwa na UPS, kampuni binafsi ya usafirishaji, kimeibwa mlangoni. Niwaite wapelelezi wa posta?

JIBU: Hapana, wao hushughulikia kilichobebwa na posta tu. Mwandikie muuzaji kwanza, kisha UPS na polisi.