Usimfute Druidi Wako Kabla ya Ngazi ya 20

Wiki iliyopita nilimfikisha druidi wangu, mhusika wa kichawi anayeweza kujigeuza mnyama, ngazi ya 60, ya juu kabisa, katika seva za Hardcore za mchezo wa mtandaoni wa World of Warcraft Classic, zile zilizofunguliwa Agosti 2023, ambazo mhusika wako akifa mara moja basi safari yake imeishia hapo. Tangu niweke picha ya skrini mtandaoni, ujumbe umekuwa ukiingia kila siku, mwingi ukiwa wa pongezi, nami nawashukuru wote. Mmoja tu ndio umenifanya niketi kuandika makala hii. Umetoka kwa kijana wa Nyegezi, naye anasema: "Kaka, nimefika ngazi ya 14, dubu wangu anapigana kama amechoka, mana inaisha kila dakika, nafikiria kumfuta nianze na mwindaji. Unanishauri nini?"

Kwa wasiocheza, mana ni akiba ya nguvu za uchawi, na mwindaji ni aina nyingine ya mhusika. Mdogo wangu, nakushauri usimfute. Upo katika kipande kigumu kuliko vyote katika maisha ya druidi, yaani kati ya ngazi ya 10 na ya 20, na wengi wanaomwita dhaifu waliishia hapo hapo ulipo wewe.

Katika Classic ni jamii mbili tu zinazoweza kuwa druidi, Night Elf na Tauren. Mimi nilizaliwa Magu katika familia ya wafugaji wa Kisukuma, kwa hiyo nilipowaona Tauren, watu wenye vichwa vya ng'ombe wanaoishi katika nyanda za majani za Mulgore, sikuangalia jamii nyingine. Mapenzi hayo yalinilipa baadaye, maana Tauren ana uwezo wa kuzaliwa nao uitwao War Stomp, ambao humfanya apige kwato chini na kuwaduwaza kwa sekunde mbili maadui waliomzunguka. Nitaueleza tena hapo chini, kwa sababu umeniokoa mara nyingi kuliko silaha yoyote niliyowahi kununua.

Ngazi tisa za mwanzo hazina mengi ya kueleza. Unarusha uchawi, unapiga kwa fimbo, unaendelea. Ukifika ngazi ya 10 mwalimu wako atakutuma eneo la Moonglade ukazungumze na roho ya dubu, kisha utapewa kazi ya kumuua mnyama aitwaye Lunaclaw, na ukirudi utafundishwa kugeuka dubu. Furaha ya siku hiyo ni kubwa, na hapo ndipo matatizo yanapoanza, kwa sababu mchezaji mpya hudhani kwamba akishakuwa dubu kazi yake ni kuuma na kukwaruza mpaka adui aanguke.

Jambo ambalo ningependa kila druidi wa nchi hii alishike ni hili: pambano la druidi huamuliwa kabla hajageuka. Ukiwa katika umbo la mnyama huwezi kutumia uchawi wako wa kuponya, na kila unapogeuka kuwa mnyama unalipa mana, ingawa kurudi katika umbo lako la kawaida ni bure. Mvuvi wa dagaa hatengenezi taa akiwa katikati ya ziwa. Huzikagua mwaloni, jua likiwa bado lipo. Wewe nawe jiwekee uchawi wa kukulinda, Mark of the Wild na Thorns, mapema, kisha Rejuvenation, ambayo itaendelea kukurudishia uhai kidogokidogo hata ukiwa tayari dubu, halafu umpige adui kwa uchawi wa Moonfire akiwa mbali, na akikukaribia ndipo ugeuke. Usikubali kamwe mana ishuke chini ya kiasi kinachotosha kujiponya mara moja na kugeuka tena mara moja.

Ngoja nikuonyeshe pambano moja lilivyokwenda. Nilikuwa kwenye uwanda wa Barrens, ngazi ya 15, nikiwatazama Kolkar wawili, viumbe nusu mtu nusu farasi, mmoja wa kupigana ana kwa ana na mwingine wa kurusha radi. Nilijitia Rejuvenation, nikamfunga yule wa kwanza kwa Entangling Roots, mizizi ikamshika miguu palepale aliposimama. Nikageuka dubu, nikamkimbilia mrusha radi, maana huyo ukimwacha mbali atakumaliza huku ukimtazama tu. Uhai wake ulipofika nusu, mizizi ya mwenzake ilikatika, wote wawili wakawa wananipiga, na uhai wangu ukashuka haraka sana. Nikampiga mrusha radi kwa Bash ili aduwae, nikarudi katika umbo langu la Tauren, nikapiga War Stomp iliyowashika wote wawili, nikaanza Regrowth, uchawi wa kuponya, ikakamilika wakiwa ndio kwanza wanazinduka. Nikageuka dubu tena kwa mana iliyobaki, nikamaliza mmoja, kisha wa pili. Mwindaji angewaua kwa haraka zaidi, hilo sikatai, lakini waulize wawindaji wa seva ile ni wangapi wamekufa baada ya kuzingirwa na maadui wawili wasiowatarajia.

Kwetu huku kuna adui mwingine ambaye wachezaji wa Ulaya hawamfikirii. Seva ninazochezea zipo Ulaya, intaneti ya Mwanza ina siku zake, na masika yakishika, mvua za usiku zenye radi kutoka ziwani huja na kukatika kwa umeme. Jioni moja nilikuwa nimeshikana na nguruwe-mtu kusini mwa Barrens, na nyumba yetu ya Kirumba ikaingia giza. Kompyuta mpakato ilibaki hai kwa betri, ruta ikazima, na mhusika wangu akabaki amesimama anapigwa bila mimi kuweza kufanya chochote. Niliwasha intaneti ya simu, nikaingia upya mikono ikitetemeka, nikamkuta mzima. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa dubu, kwa sababu umbo la dubu huongeza kinga ya mavazi yako kwa asilimia 180, na lile la dubu mkubwa utakalolipata ngazi ya 40 huongeza asilimia 360. Tangu hapo nikisikia ngurumo yoyote kutoka upande wa ziwa huwa napigana katika umbo la dubu tu, nimeinunulia ruta betri yake ndogo, na simu huwa na bando kabla sijagusa kibodi. Wewe unayesoma makala hii ukiwa Sengerema, Musoma au Bukoba, fanya hivyo hivyo kabla hata ya kufikiria silaha nzuri.

Ngazi ya 16 inakupa kazi ya kutafuta nusu mbili za kidani zilizofichwa majini, ambazo ukiziunganisha unapata umbo la kuogelea. Wengi huiruka kwa sababu ina safari ndefu. Mimi nimekulia kando ya maji na sikuona sababu ya kuiruka. Umbo hilo hukuwezesha kupumua chini ya maji na kuongeza mwendo wa kuogelea kwa asilimia 50, na katika Hardcore maji ni njia ya kutorokea ambayo maadui wengi wa nchi kavu hawaiwezi kwa kasi yako.

Kisha inakuja ngazi ya 20, na hapo ndipo utakaponikumbuka. Unapata umbo la paka, ambalo halitumii mana katika kushambulia bali nishati inayojaa yenyewe, 20 kila sekunde mbili, hadi 100. Mana huanza kurudi vizuri sekunde tano baada ya kuitumia mara ya mwisho, kwa hiyo wakati paka anapigana, mana yako inajaa bila wewe kuketi kunywa maji kama wanavyofanya wachawi. Ua adui, rudi katika umbo lako, jiponye, geuka paka, endelea. Pointi zako za vipaji zianze na Ferocity, inayopunguza gharama ya mapigo ya mnyama, kisha uingie Feral Swiftness ili paka awe na mbio anapokuwa nje. Usihangaike na silaha yenye mapigo makubwa sokoni, kwa sababu katika umbo la mnyama mapigo ya silaha yenyewe hayahesabiwi. Tafuta yenye Strength na Agility. Ukijifunza kuchuna na kushona ngozi, mavazi mengi ya njiani utajitengenezea.

Naomba pia usiingie mapangoni kwa mazoea. Entangling Roots hufanya kazi nje tu, umbo la kusafiri la ngazi ya 30 nalo ni la nje tu, na mbio za Feral Swiftness ni hivyo hivyo. Pangoni druidi anakuwa amenyang'anywa njia zake zote za kukimbia isipokuwa Dash, mbio za ghafla za paka. Ingia ukiwa na ngazi mbili au tatu juu ya maadui waliomo, au usiingie.

Sasa niseme lililobaki moyoni. Nilipokuwa na ngazi za thelathini na kitu, nilisafiri kwa zepelini kutoka mji wa Orgrimmar mpaka mji wa Undercity, nikatembea hadi mlango wa Scarlet Monastery, jengo la maadui wakali linaloingiwa kwa kundi, kujiunga na kundi lililokuwa likitafuta mtu wa kusimama mbele na kubeba mapigo. Kiongozi aliponiona ni druidi akaniambia niponye. Nikamjibu kwamba nimekuja nikiwa dubu na kwamba mavazi yangu yote ni ya dubu. Akauliza ninacheza kutoka wapi, nikamwambia Mwanza, Tanzania. Hakuandika neno lingine. Alinitoa kundini nikiwa nimesimama mlangoni. Inaniuma mpaka leo, na sitajifanya haikuniuma. Baadaye niliingia sehemu iitwayo Library ya jengo lile lile na kundi lingine, nikasimama mbele ya Houndmaster Loksey na mbwa wake, nikawashika kwa Swipe, ambayo hupiga hadi maadui watatu kwa pamoja, na hakuna aliyekufa.

Vijana, tuache tabia ya kuomba radhi kwa kuwepo kwetu. Nimewaona Watanzania wenzangu wakiandika kwanza kwamba intaneti yao ni mbovu, kwamba wao si wazuri sana, kabla hata hawajaulizwa. Umejifunza kazi yako, umelipia ada yako kama wao, umekesha kama wao. Na nyinyi mnaoongoza makundi, msimpime mtu kwa aina ya mhusika wake, wala kwa mji anaotoka.

Kuanzia ngazi ya 30 mambo ni mepesi. Umbo la kusafiri linaongeza mwendo kwa asilimia 40, unaweza kuligeukia hata katikati ya pambano, na kitendo chenyewe cha kugeuka kinakata uchawi uliokufunga miguu. Kwa hiyo mnyama wa kupanda wa ngazi ya 40, ambaye wenzako watakuwa wanamkopea dhahabu kila kona, anaweza kusubiri; lipa kwanza mafunzo yako yote. Kati ya 40 na 60 ni kurudia yale yale kwa uvumilivu. Ukiingia na makundi katika sehemu kama Scarlet Monastery, mwambie kiongozi kabla hamjaondoka mjini kwamba unaingia ukiwa dubu, mweleze kinga yako ni kiasi gani, na akikataa, mtakie heri uondoke, kwa maana siku hizi wapo viongozi wanaomtafuta dubu, na mimi mwenyewe nikiwa ninaongoza kundi jioni, nafasi ya mbele huwa naanza kuwauliza druidi.